Umelowea au umezoea? Jibu kwa kijana wa Tanga aliyeko Njombe

Swali lililonifikia ni hili, nimelipunguza kidogo tu: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga mjini, huu mwaka wa nne nafanya kazi Njombe. Juzi bosi wangu kanikuta asubuhi nimevaa jaketi, kikombe cha chai mkononi, nasalimiana na wamama wa sokoni kamwene, kamwene, akacheka akasema 'wewe sasa umeshalowea'. Nikafurahi sana. Jioni nimepiga simu nyumbani, mama ananiambia 'mwanangu umelowea huko', na sauti yake haikuwa ya furaha hata kidogo. Neno ni lile lile moja. Sasa kulowea maana yake nini hasa, ndo kuzoea au kitu kingine? Na mtu aliyelowea ndo mlowezi, kama wale wazungu wa Kenya tuliosoma shuleni?"

Marahaba mwanangu. Nikwambie tu mapema, bosi wako yuko sahihi na mama yako yuko sahihi, na wewe ulivyosikia furaha huku na huzuni kule umesikia sawasawa, masikio yako ni mazima.

Kulowea ni kufika mahali pasipo kwenu, ukakaa, ukakaa tena, mpaka ukawa kama mtu wa hapo. Ukilitazama vizuri neno lina mambo matatu ndani yake. Lazima uwe umetoka kwingine, mtu hawezi kulowea kijijini alikozaliwa. Lazima muda upite, huwezi kulowea kwa wikendi. Na la tatu, ambalo ndo limemuuma mama yako, ni kwamba habari ya kurudi imefifia, haipo tena mdomoni. Hilo la tatu kuzoea hakuna. Unaweza ukazoea kitu na bado kila siku unahesabu siku za kuondoka, kuna watu wamezoea jela, wamezoea hospitali, hakuna anayesema wamelowea huko.

Chukua baridi ya hapo Njombe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na wewe umekulia Tanga ambako bahari unaiona na jasho halikauki, mwezi wa sita wa kwanza nina hakika ulilala na soksi. Leo unaamka unaoga unaenda kazini. Hapo ni kuzoea, baridi umeizoea, mwili umeizoea, wala haikuhitaji uipende Njombe. Kuzoea kunakwenda na kitu kimoja kimoja: baridi, viazi asubuhi, lafudhi ya watu, njia ya kwenda ofisini. Unaweza ukazoea baridi usizoee ukimya wa usiku. Kulowea hakukatwi vipande hivyo, hakuna mtu anasema nimelowea baridi lakini sijalowea chakula. Kunakubeba mzima mzima.

Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi ni wa wapanda mlima. Kilimanjaro ina mita 5,895, na wanaopita njia ya Marangu wengi hulala siku ya ziada pale Horombo, mita 3,720, kazi yao siku hiyo ni kupanda kidogo na kushuka tena walale, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Kule kileleni mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, kila pumzi unayovuta oksijeni ni kidogo, kwa hiyo mwili unaanza kuhema haraka, moyo unapiga mbio, na kadiri siku zinavyokwenda damu inaongeza chembe nyekundu. Waongoza watalii ndo maana kila hatua wanakwambia pole pole. Mambo yote hayo ni kuzoea, na ni kuzoea kwa kweli kabisa, mpaka kwenye damu, lakini hakuna anayelowea Horombo. Mtu anazoea, anapanda, anashuka, anaenda zake.

Kulowea kwenyewe ukitaka kukuelewa rudi kwetu pwani kwenye biashara ya majahazi. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na India yalikuwa yakija na kaskazi, upepo unaovuma kama Desemba mpaka Machi, halafu kusi ikianza mnamo Aprili wanatweka tanga kurudi kwao. Katikati hapo kuna miezi watu wako bandarini wanasubiri upepo, wanauza, wanatengeneza chombo, wanaoa. Sasa mwenye kupanda chombo kusi ilipogeuka huyo alikuwa mgeni wa msimu, na pengine Lamu, Mombasa au Pangani aliizoea kweli maana alikuja kila mwaka kwa miaka 20. Lakini yule ambaye kusi imekuja yeye hakupanda, na ya mwaka wa pili hakupanda, akajenga, akazaa, watoto wakakua wanaongea Kiswahili, ndo watu wakasema huyu kalowea. Washihiri wengi, yaani Waarabu wa Hadhramaut, na Wamanga wengi, yaani Waarabu wa Omani, waliingia katika miji yetu kwa njia hiyo hiyo, na leo wajukuu zao ni Waswahili ukiwauliza kwao wapi watakuonyesha mtaa.

Na angalia jinsi neno linavyopenda kutumika, utaona mara nyingi linakuja na ile -ka- ya hadithi: alikwenda kutembea akalowea, walikuja kulima wakalowea, kaenda Marekani kusoma kalowea huko huko. Kuna safari iliyokuwa na mwisho, halafu mwisho haukufika. Mimi nina baba mdogo, alitoka Pangani kwenda Mombasa kumpeleka mgonjwa, wiki mbili tu alisema. Nilikuwa sijaanza shule. Nilipokwenda kumtafuta nikiwa mtu mzima nilimkuta ana duka, ana wajukuu, anasema "hapa kwetu" akimaanisha Mombasa. Bibi yangu mpaka anakufa alikuwa akiulizwa habari zake anajibu kwa neno moja, "kalowea". Hakuongeza kitu, na hakuna aliyeuliza zaidi. Kwa hiyo mama yako nilivyosoma maneno yake nilimsikia bibi.

Hapo ndo jibu la swali lako lilipo. Lowea linabadilika uzito kutokana na mtu anayelisema amesimama wapi. Akisema mwenyeji wa unakoishi, maana yake wewe si mgeni tena, tumekukubali, na kwa mtu wa Njombe kumwambia mtu wa pwani hivyo ni heshima, usiichukulie kama utani tu, wapo waliokaa hapo miaka 10 na bado wanaitwa "yule wa pwani". Akisema mtu wa ulikotoka, maana yake tumekupoteza, sisi tunahesabu miaka wewe umeacha kuhesabu. Mama hajakutukana. Amekuuliza swali bila alama ya kuuliza.

Sasa mlowezi. Hili lazima niliseme kwa kirefu maana wengi linawachanganya na kwa kweli lina haki ya kuwachanganya. Kwa muundo mlowezi ni mtu aliyelowea, basi, hakuna zaidi, kama vile mpandaji anatoka kwenye kupanda. Lakini maneno yanaishi na watu, na hili limeishi na watu wabaya. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 ikafika Kisumu 1901, serikali ya Kiingereza ikaona imetumia hela nyingi mno na reli haina mizigo ya kutosha, ikaanza kuwaita wazungu waje walime kando ya reli. Sheria ya ardhi ya 1902 ikawapa mwanya wa kumilikishwa ardhi iliyokuwa ya Wakikuyu, Wamaasai, Wakalenjin na wengine, na ya 1915 ikawazidishia muda wa kuishika, wenyewe wakabaki vibarua na maskwota, yaani wakaaji wasio na haki ya ardhi, kwenye mashamba ya baba zao. Hao ndo vitabu vya historia vikawaita walowezi. Tanganyika pia walikuwepo, Usambara, Kilimanjaro na Meru, ila si kwa wingi wa Kenya. Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ndo usiseme, pale 1965 walowezi walijitangazia uhuru wao wenyewe ili Waafrika wasipate wao. Na leo ukisikiliza idhaa za Kiswahili za nje, walowezi ni wale wa Kiyahudi wanaojenga Ukingo wa Magharibi.

Kwa hiyo neno mlowezi limeshabeba maana ya mtu aliyekuja akakaa juu ya ardhi ya mwenzie, na nguvu ya dola ikamlinda. Hatuwezi kujifanya hatuijui hiyo maana. Isitoshe hapa kwetu Tanzania kuna "wahamiaji walowezi" wa kwenye taarifa za uhamiaji, yaani watu waliovuka mpaka zamani, wengine vizazi viwili vimepita, wakakaa bila vibali, Kigoma na Kagera utalisikia sana. Kule halina habari ya mashamba makubwa, lina habari ya karatasi. Ndo maana nasema wewe umelowea lakini usijiite mlowezi, na mtu akikuita hivyo una haki ya kumuuliza anamaanisha nini. Kitenzi kimebaki safi, nomino imechafuka. Wapo wanaotaka tuache na kitenzi chenyewe kwa sababu ya nomino, mimi sikubaliani nao kabisa, tukikiacha tutabaki na "kuishi kwa muda mrefu sehemu ngeni" ambayo ni maneno sita na hayana hata chembe ya sauti ya mama yako ndani yake.

Na si watu peke yao wanaolowea. Wewe wa Tanga mkonge unaujua tangu utotoni, pengine unadhani ni mmea wetu wa asili. Uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche aliagiza 1,000 kutoka Florida na asili yake hasa ni Mexico, safarini ikafa karibu yote, iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katika hiyo 62 ndo yakatokea mashamba yote yale unayoyaona ukitoka Tanga kwenda Muheza na Korogwe. Mmea wa watu wa mbali umekuta jua letu na udongo wetu, umekaa, leo huwezi kuitaja Tanga bila kuutaja mkonge. Mimi huo nasema umelowea, kuuambia umezoea haitoshi. Kunguru wale weusi wenye shingo ya kijivu vile vile, waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, wakavuka mpaka bara, sasa waulize watu wa Dar es Salaam na Mombasa kama kuna siku watarudi.

Umeniuliza pia, ingawa kwa kupitiliza tu, kama watu wanaosema "kuendana na mazingira" wanamaanisha hayo hayo. Hapana, na hili linanikera kidogo kwa sababu siku hizi kila kitu ni kuendana na mazingira, mtu kahamishwa kikazi anaendana na mazingira, mtoto kaanza bweni anaendana na mazingira. Kuendana ni kwa nje, ni kufanana, kama shati linavyoendana na suruali. Unaweza ukaendana na watu mchana kutwa na moyoni hujazoea chochote. Kuna ule usemi wa ukienda kwa wenye chongo, watu wanaumaliza kwa namna mbili na mimi naona tofauti yake ni kubwa: wengine wanasema fumba lako jicho, wengine wanasema vunja lako jicho. Anayefumba ameendana, akifika kwao anafumbua. Anayevunja ndo basi tena. Wazee waliotuachia zote mbili nadhani walijua kuna wasafiri wa aina mbili.

Kutangamana ni habari ya watu na watu, kuchanganyika nao, ndo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki wanasema mtangamano. Kujirekebisha ni pale umeona kosa au upungufu kwako ukaamua kubadilika, kuna nia na kuna jitihada. Na kwenye haya mambo ya mabadiliko ya tabianchi utakuta wanaandika kuhimili au kustahimili, mkulima anapanda mbegu inayokomaa haraka, anavuna maji ya mvua, hiyo ni kuhimili, kubeba mzigo usikuangushe, na ni neno zuri pale lilipo kwa sababu hatutaki mkulima azoee ukame. Kuzoea ukame maana yake ni kukata tamaa.

Hapo nimegusa ubaya wa kuzoea na ngoja niumalize. Zoea lina upande mtamu na upande mchungu. Mzoefu ni sifa, uzoefu wa miaka mitatu wanautaka kwenye kila tangazo la kazi, mazoezi yanajenga mwili. Lakini mazoea je? Mkubwa akisema "mnafanya kazi kwa mazoea" amewagombeza, maana yake mnafanya bila kufikiri kwa kuwa jana mlifanya hivyo hivyo. Na mtu akikwambia "usinizoee" ujue umevuka mstari, umemchukulia kama rika lako. Mazoea yana tabu, wazee walisema, na ukweli ni kwamba kitu ukikizoea unaacha kukiona. Ndo maana hata kwa mwenzi wako ukisema "nimekuzoea" angalia umesema kwa sauti gani, inaweza ikawa mapenzi na inaweza ikawa ugomvi wa wiki nzima.

Upande wa sarufi nikupe machache maana najua utayaandika. Vyote viwili vinapenda -me-, nimezoea, nimelowea, kama nimechoka na nimekaa, kwa sababu ni hali uliyonayo sasa hivi kutokana na jambo lililokwisha. Ukisema "nazoea" maana yake bado uko njiani, na hilo ni jibu zuri sana kwa mgeni wa mwezi mmoja. Zoea linachukua kitu au mtu moja kwa moja, nimemzoea, nimeizoea, na kwa mtu hiyo -m- usiiache. Lowea halichukui, unalowea mahali, nimelowea Njombe, nimelowea huku, usiseme nimeilowea Njombe, masikio yatakataa. Na tafadhali usichanganye na kuloa na kulowa za maji. Loweka ni ya maharage na nguo. Nimeshasahihisha insha ya mwanafunzi iliyosema wazungu "walilowekwa" Kenya, na nilielewa alichotaka kusema, ila picha iliyokuja kichwani ni beseni.

Sasa mama. Ukimpigia mwambie ukweli wako, siwezi kukuamulia. Kama bado unaiona Tanga ndo kwenu na Njombe ni kazi, mwambie "mama sijalowea, nimezoea tu". Ataipokea, atajua tofauti kabla hujamaliza sentensi, watu wa umri wake hawahitaji maelezo haya yote niliyokuandikia. Kama kweli umelowea usimdanganye kwa neno, nenda ukamwone kwanza, mweleze mkiwa mmekaa, hilo si neno la kusemwa kwenye simu jioni. Na bosi wako ukipata nafasi mwambie ahsante.

Jambo moja la mwisho nimeliona kwenye meseji ya mama yako uliyoniwekea hapo chini, ameandika "umezowea" na "mazowea" kwa w na wewe ukaniuliza kama amekosea. Hajakosea. Pwani na visiwani ndivyo wengi tunavyotamka na wengi ndivyo wanavyoandika, vitabu vya shule vimechagua kuiacha hiyo w na wewe kazini iache, lakini meseji ya mama usiisahihishe.